Nilicheka pazia la mota, hadi shosho akalihitaji

Mwaka jana nilipiga video ya sekunde arobaini. Nilikuwa nimeona tangazo la nyumba fulani ya kifahari: jamaa amelala kitandani, anabonyeza simu, pazia linapanda lenyewe polepole kama bendera ya Ijumaa shuleni. Nikasimama mbele ya dirisha la keja yangu hapa Makutano, Meru, nikavuta pazia langu la elfu moja mia mbili kwa mkono mmoja, nikaangalia kamera na kuuliza, "Kwani mikono imekatika?"

Hiyo video iliwaka. Sijawahi kupata watazamaji wengi hivyo. Hadi makanga mmoja wa Embu aliniona stejini akanipigia kelele, "Buda, mikono imekatika?" Nikajiona nimefika.

Miezi minne baadaye shosho alipata kiharusi. Mkono na mguu wake wa kushoto vikakataa kazi.

Video nimeifuta. Hakuna aliyeniambia niifute, na shosho mwenyewe hajawahi kuiona. Lakini kila nikikumbuka hilo swali nahisi vibaya, kwa hivyo wacha nilijibu vizuri leo. Ndiyo, kuna watu ambao mikono imekatika. Na maoni yangu kuhusu hizi pazia janja yamegeuka, ingawa hayajageuka vile wauzaji wangependa.

Kwanza, habari ya mlima

Shosho anaishi nje kidogo ya mji wa Embu, njia ya kwenda Manyatta. Dirisha la chumba chake linaangalia Kirinyaga. Kama umelelewa upande huu unajua mlima una saa zake. Alfajiri unatoka wote, vilele na theluji kidogo iliyobaki. Kufika saa mbili, saa tatu, mawingu yanaufunika na hauoni kitu hadi kesho.

Shangazi ndiye anayemtunza. Siku yake inaanza na ng'ombe: kukamua, kupeleka maziwa barabarani, kuamsha watoto wa shule. Anafika chumbani kwa shosho saa mbili na nusu. Shosho huwa macho tangu saa kumi na moja. Hesabu mwenyewe: masaa matatu na nusu mtu anaangalia kitambaa.

Nilipomtembelea Februari hakunilalamikia mkono. Hakunilalamikia dawa. Aliniambia, "Mzee wangu, tangu nitoke hospitali sijaona mlima." Ananiita mzee wangu kwa sababu nimebeba jina la guka. Nikamuuliza kwa nini asimwambie shangazi aje mapema. Akanijibu, "Nimwambie aache ng'ombe akuje kunifungulia pazia?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Najua unataka kuuliza: si pazia liachwe wazi usiku? Tulimuuliza hilo. Kitanda kiko kando ya dirisha, na nje kuna njia ya watu. Anasema hawezi kulala giza likimwangalia. Pia Julai ya Embu unaijua, ukungu na baridi ya kuingia mifupani. Na kamba? Tulijaribu. Tulifunga kamba kwa pazia ili avute na mkono wa kulia. Pazia lilikwama kwenye waya siku ya pili, na mjukuu wa miaka miwili akaanza kucheza na ile kamba akijizungushia shingoni. Tuliikata siku hiyo hiyo. Hilo si jambo la kuchezea. Huko Marekani, tume ya usalama wa bidhaa imeonya kwa miaka mingi kwamba kamba za blaindi huwanyonga watoto wadogo, na sheria zao zimezidi kusukuma blaindi zisizo na kamba. Kama una mtoto nyumbani na blaindi yako ina kamba au mnyororo unaoning'inia, funga juu leo, hata kabla ya kumaliza kusoma.

Hapo ndipo mimi, yule jamaa wa "mikono imekatika", nikaanza kutafuta pazia la mota.

Nilivyokosea

Nilikosea kama vijana wengi tunavyokosea: nilinunua kwa macho. Nilipata duka la mtandaoni, mota inayounganishwa na Wi-Fi, picha safi, bei nafuu kuliko zingine. Binamu yangu akanipimia dirisha akanitumia kipimo kwa simu. Mzigo ukakuja na matatu kutoka Nairobi. Nikashuka Embu Jumamosi nikiwa shujaa.

Shida ya kwanza: binamu alipima upana wa juu peke yake. Ukuta wetu si mnyoofu, na chini ni mwembamba kwa karibu sentimita mbili. Blaindi ikawa inakwaruza plasta ikishuka.

Shida ya pili: ile mota ilitaka Wi-Fi ya 2.4 GHz peke yake, na ruta ya nyumbani ilikuwa inachanganya 2.4 na 5 chini ya jina moja. Nilikaa saa mbili nikijaribu kuunganisha huku shosho akiniangalia kama mtu anayebishana na redio.

Shida ya tatu ndiyo iliyoniumiza. Ndani ya boksi hakukuwa na rimoti. Kila kitu kilikuwa kwa programu ya simu. Shosho hana simu ya kupanguza, ana kabambe, na hawezi kusoma maandishi madogo. Nikasema hakuna shida, nitaweka saa, ijifungue yenyewe saa kumi na mbili na nusu. Ilifanya kazi siku tatu.

Siku ya nne intaneti ilipotea usiku. Asubuhi pazia halikupanda. Shangazi alipofika akajaribu kuinua kwa mkono, ikakataa, kwa sababu blaindi ya mota ya bomba haivutwi kwa mkono kama ile ya mnyororo. Mota ndiyo imeshika. Kwa hivyo shosho alikaa gizani hadi saa sita, binamu alipopanda kiti akatoa blaindi nzima kutoka ukutani.

Soma hiyo tena. Nilimletea kitu cha kumfungulia dirisha, kikamfungia zaidi ya vile kitambaa cha zamani kilivyomfungia. Na aliyelipia ni mimi.

Kile ningependa mtu angeniambia

Baada ya hiyo aibu nilikaa chini nikasoma kama mtu wa mtihani. Haya ndiyo ninayoyajua sasa.

Anza na mtu, halafu dirisha, halafu mota. Programu ya simu iwe ya mwisho. Muuzaji atakuanzia na programu kwa sababu inang'aa. Wewe muulize maswali matatu: Stima ikipotea, inafunguka? Intaneti ikipotea, inafunguka? Simu yangu ikiibiwa, inafunguka? Akijibu "hapana" hata kwa moja, na mtu wa kuitumia ni mgonjwa au mzee, ondoka.

Kuhusu stima: inachekesha kwamba Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yale mabwawa ya Mto Tana, yote yako mpakani mwa kaunti ya Embu, na bado tunajua vizuri kukaa na mshumaa. Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi ilizimika, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukakaa gizani. Kwa hivyo dirisha la kuchomekwa ukutani bila betri, kwa mtu kama shosho, ni kamari. Betri ni bora. Vile vipaneli vidogo vya sola vya dirishani pia ni vizuri, lakini vinataka jua la moja kwa moja, kwa hivyo kwanza jua dirisha lako linaangalia wapi.

Watu pia huogopa tokeni. Tulia. Mota ya wati 30 ikizunguka sekunde 30, mara nne kwa siku, haimalizi hata nusu uniti kwa mwaka. Kinachokula ni kile kisehemu cha Wi-Fi kinachokaa macho mchana na usiku kikisubiri amri. Kikila wati moja tu, kwa mwaka ni karibu uniti tisa. Yaani kungoja kunakula stima kuliko kufanya kazi.

Kuhusu intaneti: vifaa vingi vya bei rahisi havizungumzi na simu yako moja kwa moja. Amri inatoka kwa simu, inaenda hadi seva ya kampuni nchi nyingine, inarudi hadi dirishani mita mbili kutoka ulipokaa. Sasa hiyo kampuni ikifunga? Aprili 2022 kampuni moja ya Marekani, Insteon, ilizima seva zake ghafla, na watu wakaamka na nyumba janja zilizokuwa bubu. Walibahatika, baadaye kikundi cha wateja wenyewe kiliinunua. Usitegemee bahati. Tafuta mota yenye rimoti yake ya redio inayofanya kazi bila mtandao wowote. Kama lazima iunganishwe, uliza kama inatumia Matter, kiwango kilichotoka 2022 ili vifaa vya kampuni tofauti vielewane humo humo ndani ya nyumba.

Kuhusu kitambaa: kile kinachoitwa sunscreen ni kizuri mchana, unaona nje na walio nje hawakuoni. Usiku ukiwasha taa, mambo yanageuka, wewe ndiwe sinema. Kama unabadilishia nguo kwa hicho chumba, chukua kitambaa kizito kisichopitisha mwanga, au weka vyote viwili.

Kuhusu kupima: pima upana mara tatu, juu, katikati na chini. Kama blaindi itakaa ndani ya shimo la dirisha, tumia kipimo kidogo zaidi. Lakini madirisha yetu mengi ni ya chuma, grili iko ndani na mkono wa kufungia umetokeza. Blaindi ikikaa ndani ya shimo itagonga huo mkono kila siku. Kwa hivyo mara nyingi ni afadhali ikae nje ya shimo, juu ukutani, ikizidi dirisha sentimita kumi hivi kila upande. Pia mwanga hautaponyoka pembeni.

Kuhusu kuweka: juu ya dirisha kuna linta ya zege na vyuma. Drili ya kawaida italia tu. Fundi aje na drili ya kugonga, plagi za ukutani zinazotoshea, na pimamaji. Pimamaji si mapambo. Bomba likiinama kidogo tu, kitambaa kinatembea upande mmoja kila kikipanda, na baada ya miezi kingo zinachanika. Halafu kabla fundi hajaondoka, mwambie aweke mwisho wa juu na mwisho wa chini, ili mota ijue pa kusimama. Asipofanya hivyo itavuta hadi ijiumize.

Na kuhusu ile ya kujifungua jua likichomoza, ambayo kila tangazo linaisifu: iliwekewa watu wa kwingine. London jua la Juni linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, la Desemba linangoja hadi saa mbili. Huko unahitaji kompyuta. Sisi ikweta inakata barabara ya Embu kwenda Meru, kibao kiko hapo, umepiga picha nacho. Hapa jua linatoka kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini, mwaka mzima. Usilipie elfu tano zaidi kuambiwa kile jogoo anajua.

Kitufe

Mara ya pili nilinunua polepole. Mota ya betri, rimoti ya vitufe vitatu: juu, simama, chini. Hakuna akaunti, hakuna neno la siri. Kitambaa kizito, rangi ya maziwa. Kila kitu pamoja na fundi kilinigharimu elfu kumi na tisa. Ni pesa nyingi, na niliiweka kwa miezi mitatu. Tulimtoa shosho verandani akaketi na chai wakati fundi anatoboa, na kila vumbi likitoka dirishani alikuwa anauliza kama nyumba bado iko.

Familia ilikuwa na kikao kidogo kuhusu saa. Anko alipiga simu kutoka Nairobi akasema tuongeze ile sehemu ya kujifungua yenyewe asubuhi, ili "mama asisumbuke". Mimi pia nilikuwa upande huo. Shosho alisikiza wote, halafu akasema, "Sitaki nyumba iniamshe. Nataka mimi niiamshe nyumba."

Kikao kikaisha.

Na hapo ndipo nilielewa kitu ambacho sijaona kwa tangazo lolote. Tangu augue, kila kitu katika maisha ya shosho kinafanywa na mtu mwingine, kwa saa ya mtu mwingine. Analishwa wakati wa mtu mwingine. Anaogeshwa wakati wa mtu mwingine. Hata kulala amelazwa. Na sisi kwa mapenzi yetu tulitaka kuongeza mashine nayo imfanyie, kwa saa yake mashine. Ujanja wa hii kitu hauko kwa nyumba kuamua yenyewe. Uko kwa mtu ambaye alikuwa haamui chochote, sasa anaamua kimoja.

Rimoti tuliifunga kwa utepe mfupi kwenye mkono wa kulia wa kitanda, mahali mtoto hafiki. Kitufe cha juu tulikibandika kipande cha plasta ya kidonda ili akipapase gizani. Hiyo plasta ya shilingi kumi ndiyo sehemu nzuri zaidi ya mfumo mzima, na ilikuwa wazo la shangazi.

Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika arobaini, simu yangu ililia nikiwa Meru bado nimejifunika. Shosho. Nikaogopa, nani anapiga saa hiyo na habari njema? Akasema, "Mzee wangu, uko macho? Mlima umetoka wote." Halafu akanyamaza. Hakukata simu. Nilisikia anapumua, na jogoo, na shangazi mbali akiita ng'ombe. Tulikaa hivyo dakika mbili, tatu. Nikaamka nikafungua pazia langu, kwa mkono. Kutoka kwa dirisha langu hapa Makutano unaona ukuta wa jirani na tangi la maji. Lakini niliangalia tu.

Kwa hivyo wewe ununue?

Pengine hapana. Kama wewe ni mwanafunzi Nchiru au Embu, unaishi bedsita yenye dirisha moja na mikono miwili mizima, weka hiyo pesa kwa godoro. Jua la jioni likikusumbua, shona kitambaa cha pili nyuma ya pazia lako, fundi wa cherehani atakutoza pesa kidogo. Kama umepanga, muulize mwenye nyumba kabla ya kutoboa linta yake, la sivyo diposti yako itakuwa imetoboka pia. Kuna viroboti vidogo vinavyoning'inia kwenye fimbo ya pazia na kulisukuma, havitaki kutoboa, ukihama unahama navyo. Hivyo angalau vina maana kwa mpangaji.

Na kama unataka tu kwa sababu ni kitu kizuri na pesa ni yako, nunua. Sitakucheka. Nimestaafu hiyo kazi.

Lakini kabla ya kufikiria dirisha lako, fikiria dirisha la nyumbani. Kuna mtu huko? Guka ambaye mabega hayapandi tena? Mama aliyepasuliwa? Ndugu wa kiti cha magurudumu ambaye dirisha limewekwa juu kama la jela? Muulize swali moja, na usimuulize kuhusu mota. Muulize, "Ukiamka, ungependa kuona nini?" Pengine jibu litakuwa kuhamisha kitanda tu, na ni bure. Pengine ni kumwomba jirani apite saa kumi na mbili. Pengine ni kitufe.

Sisi tunaotengeneza video tunapenda kucheka vitu vya watu wenye pesa, na vingi vinastahili. Shida ni kwamba kicheko hakiangalii kinamwangukia nani. Kitu ambacho kwa tajiri ni uvivu, kwa shosho kilikuwa mlima.

Video mpya ningetaka kuipiga chumbani kwake, lakini amekataa. Anasema hajasuka nywele.